Je, Wajua Kwa Nini Bajeti ya 2015/16 Ina Marais Wawili?

Kila Juni, Waziri wa Fedha akishasoma bajeti bungeni Dodoma, mabishano huanza vijiweni na kwenye magrupu ya WhatsApp: Kikwete alitumia hivi, Magufuli vile, Mama Samia kapitiliza. Tarakimu zinazotupwa mara nyingi ni za kweli. Bajeti ya 2015/16 ilikuwa shilingi trilioni 22.5, ya mwaka uliofuata ikaruka hadi 29.5, na ya 2025/26 ikafika 56.49. Kazi ni kujua ipi ni ya nani.

Mwaka wa fedha wa Serikali ya Tanzania huanza Julai 1 na kuisha Juni 30, ilhali uchaguzi mkuu ni Oktoba. Rais mpya huingia Ikulu na kukuta bajeti imeshapitishwa na inatumika. Ile ya 2015/16 ilisomwa na Saada Mkuya Salum, waziri wa Kikwete. Magufuli aliapishwa Novemba 5, miezi minne ikiwa imeshakatika. Funguo za hazina akakabidhiwa, lakini mipango ya matumizi ilikuwa ya mwenzake.

Alichoweza kufanya haraka ni kuhamisha mafungu. Akafuta sherehe za Uhuru za Desemba 9, na bilioni 4 zilizotengwa zikaenda kupanua barabara ya Mwenge–Morocco jijini Dar es Salaam. Watu walishangilia, na walikuwa na sababu. Ila piga hesabu: bilioni 4 ndani ya trilioni 22.5 haifiki hata senti 2 katika kila shilingi 100. Mishahara na madeni ndiyo hula fungu nono, na hayo hayafutwi kwa tamko.

Samia naye aliapishwa Machi 19, 2021, akarithi miezi mitatu na ushee ya bajeti ya mtangulizi wake.

Miradi mikubwa ndiyo inavuruga hesabu zaidi. Mkataba wa Bwawa la Julius Nyerere, wa takriban trilioni 6.5, ulisainiwa Desemba 2018. Mtambo wa kwanza ulianza kuzalisha umeme mwaka 2024. Katikati hapo mkandarasi aliendelea kuleta hati za malipo, na hati haiulizi nani yuko Ikulu. Reli ya SGR ni vilevile: ujenzi wa kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro ulianza 2017, abiria wakapanda Juni 2024. Anayemlaumu Samia kwa ukubwa wa bajeti zake analaumu pia saini za Magufuli, na anayemsifu Magufuli kwa miradi hiyo asisahau kwamba sehemu ya bili ililipwa na aliyemfuata.

Halafu kuna idadi ya watu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 44.9, na bajeti ya 2012/13 ilikuwa trilioni 15.1, sawa na kama shilingi 336,000 kwa kila mtu. Sensa ya 2022 ikahesabu milioni 61.7, bajeti ikiwa trilioni 41.5: kama 672,000 kwa kila mtu. Kwa jumla bajeti imekua karibu mara 2.7, kwa kichwa imekua mara mbili tu. Na shilingi yenyewe ilishuka, dola ikipanda kutoka chini kidogo ya 1,600 hadi zaidi ya 2,300 katika muda huohuo.

Tena zote hizo ni bajeti, yaani makadirio. Fedha zilizotoka kweli huonekana baadaye, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anapomkabidhi Rais ripoti yake mwishoni mwa Machi, miezi tisa baada ya mwaka kufungwa. Ripoti ya 2019/20, mwaka wa mwisho ambao Magufuli aliumaliza wote madarakani, ilipokelewa Machi 28, 2021, na aliyeipokea alikuwa Samia.