Kopo halikulia

Kopo la vidonge lililotumika hulia kama kayamba. Alilolitoa huyu bwana mfukoni na kuliweka juu ya kaunta ya duka langu la dawa, hapa Malindi, halikulia. Nilikuwa nimempa miezi miwili nyuma, na bado lilikuwa limeshiba.

Ni mvuvi, miaka thelathini na kitu, ana vidonda vya utumbo mpana. Si vile vidonda vya tumbo vya kiungulia mnavyovijua. Hivi humpeleka mtu chooni mara kumi kwa siku, choo kikatoka na damu na kamasi. Alikuwa ametibiwa amiba, akatibiwa chango, hadi alipopigwa kipimo cha kamera. Akaandikiwa salfasalazini, damu ikakatika, akarudi baharini. Na dawa akaiacha.

Nilidhani ni pesa, kwa sababu dawa ya kila siku kwa miaka si mchezo kwa anayetegemea bahari. Nilipomuuliza mara ya tatu, aligeuka kuangalia kama kuna mtu nyuma yake, akanong'ona: "Daktari, mkojo ulikuwa kama soda ya chungwa."

Alidhani figo zinaoza. Salfasalazini hugeuza mkojo rangi ya chungwa, na haidhuru kitu. Kosa ni langu, sikumwambia. Jambo dogo hivyo, nami nilikuwa nimetumia dakika kumi kumweleza mambo ambayo hakuyauliza.

Kisha likaja la pili: barazani ameambiwa dawa hii huua uume. Hapo baraza ilikuwa na nusu ya ukweli. Salfasalazini hupunguza mbegu za kiume, lakini nguvu haizigusi, na mbegu hurudi miezi michache baada ya kuiacha. Na yeye mwaka huu anatafuta mtoto. Ukimwambia mtu kama huyo "kunywa dawa tu", umempa sababu ya kukudanganya.

Walio wengi, hata hivyo, huacha kwa sababu wamepona, au wanaona wamepona. Dawa ya maumivu unaijua imefanya kazi kichwa kinapotulia. Hii ya kulinda utumbo uliotulia haikupi ishara yoyote: ukiinywa u mzima, ukiiruka u mzima, wiki ya kwanza, ya pili, ya tano. Marekani walifuatilia wagonjwa 99 wa vidonda hivi waliokuwa wametulia kwa mesalazini, dawa ya jamii moja na salfasalazini, matokeo yakachapishwa 2003. Walioshika dawa, karibu 9 kati ya 10 walibaki salama. Walioiruka, kama 4 tu kati ya 10. Lakini hizo ni hesabu za miezi mingi, na mtu huamua asubuhi moja.

Inayonitia hofu zaidi ni prednisoloni, dawa ya steroidi wanayopewa utumbo unapowaka. Kuna mama alijaa mashavu kwa dawa hiyo, wakamsifu harusini kuwa amenawiri, mashallah, na mwingine akamuuliza mimba ina miezi mingapi. Akaikata siku hiyo hiyo. Ukiwa umeinywa kwa wiki nyingi, mwili huacha kutengeneza homoni yake ya aina hiyo, na kuikata ghafla kunaweza kukuangusha. Hupunguzwa kidogo kidogo, kwa ratiba ya daktari.

Ramadhani nayo huja na maswali yake. Mesalazini ya kulinda utumbo uliotulia yaweza kunywewa yote mara moja kwa siku, futarini au wakati wa daku, bila kupungua kazi. Ile ya kuingiza kwa nyuma kwa kawaida huwekwa usiku kabla ya kulala, kwa hiyo saumu haiguswi.

Siku hizi siulizi "Unakunywa dawa?", maana jibu ni ndiyo siku zote. Nauliza, "Wiki hii umeruka ngapi?"

Yule mvuvi tulimrudisha kwa daktari wake, akabadilishiwa mesalazini, ambayo haina ile shida ya mbegu. Ni ghali zaidi, na amelalamika vilivyo. Swali lake la kwanza lilikuwa rangi ya mkojo. Lile kopo la zamani ameliosha, anatilia ndoana.