Chatu wa Ouidah si Ayida Wedo

Tena! Mtalii kavikwa chatu shingoni kwenye hekalu la Ouidah, Benin, na chini ya picha pameandikwa: "Ayida Wedo, nyoka wa upinde wa mvua." Jamani. Chatu yule ni wa Dangbe, vodun (yaani mungu) wa Wahueda, watu wa pwani ile, ambao ufalme wao wa Savi ulitekwa na Agaja, mfalme wa Dahomey, mwaka 1727. Ni nyoka wa damu na magamba. Akiingia nyumbani kwa mtu, hurudishwa hekaluni kwa heshima zote. Upinde haumhusu.

Wa upinde ni Dan Ayido Hwedo wa Wafon, watu wa Dahomey, na huyo havaliki. Husimuliwa kwamba amejiviringa mizingo 3,500 juu ya dunia na 3,500 chini yake ili isizame. Anakula chuma, analishwa na nyani wekundu wa baharini, na chuma kikiisha atautafuna mkia wake mwenyewe. Milima nayo ni kinyesi alichoacha kila alipolala, enzi alipokuwa akimbeba Mawu, mungu muumbaji, mdomoni kuumba dunia.

Jina lilivuka bahari na watumwa hadi Haiti. Huko, katika ibada za Rada, tawi la dini ya Vodou, Ayida Wedo ni lwa, yaani roho anayeabudiwa, mke wa nyoka mwenzake, Danbala Wedo. Hapa ndipo vitabu vinaponiudhi. Masimulizi ya Abomey, mji mkuu wa Dahomey, yanataja kiumbe kimoja chenye asili ya kiume na ya kike ndani yake, wekundu wa upinde ukiwa wa kiume na buluu wa kike. Haiti tunakuta mume na mke. Vitabu huvuta mstari ulionyooka toka huku hadi kule. Mimi naushuku. Hata vèvè yao, mchoro wa kuwaita lwa, kwa kawaida ni moja kwa Danbala na Ayida, nyoka wawili wanaotazamana, kwa hiyo anayehesabu "miungu wawili" asijiamini sana.

Na hapana, kuwaabudu hawa wawili Haiti hakuhitajiki nyoka hai. Vèvè huchorwa sakafuni kwa unga wa mahindi, ukibanwa kati ya kidole gumba na cha shahada na kuachiwa kidogo kidogo mkono ukitembea. Ukiumwaga kwa pupa, mizingo inashikana na vichwa vinapotea. Kisha yai jeupe bichi juu ya kichuguu cha unga wa ngano, kwenye sahani nyeupe. Bila kichuguu litabingirika. Sharubati ya lozi inafaa. Ramu mpelekee Ogou, lwa wa vita, maana Danbala na mkewe hawataki pombe kali wala uchafu. Aliyepandwa na Danbala hatamki neno: anatambaa, anatoa sauti ya nyoka, anafunikwa shuka jeupe.

Picha za watakatifu ndizo zinazonichekesha. Ayida hupewa ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, ambaye amemkanyaga nyoka. Danbala hupewa ya Mtakatifu Patrick, anayewafukuza. Padri anaona nyoka kashindwa. Kwenye madhabahu ya Vodou, nyoka ndiye aliyefanya picha ichaguliwe.