Binamu uliyelala naye mkeka mmoja si ushahidi mpya

Mara ya tatu mwezi huu. Mama mmoja kaingia ofisini na bahasha ya kaki, ndani yake kiapo cha mpwa wake: usiku wa tukio alikuwa matangani na mwana wa mama huyu, ambaye sasa ni mfungwa. "Wakili, tumepata ushahidi mpya. Kesi irudiwe."

"Mama, kijana wako alijua kwamba binamu yake alikuwa naye usiku ule?"

"Asijue vipi, na walilala mkeka mmoja!"

Basi si mpya.

Kifungu cha 50(6) cha Katiba ya Kenya kinamruhusu aliyehukumiwa kuomba kesi mpya Mahakama Kuu iwapo rufaa zake zimegonga mwamba hadi ngazi ya mwisho, au hakukata rufaa kwa wakati, na pawepo ushahidi mpya wenye uzito. Watu wakifika kwenye "mpya" hufunga kitabu. Mahakama ya Juu ilishaeleza mwaka 2014: mpya ni ule ambao haungepatikana wakati wa kesi hata ukitafutwa kwa bidii. Hatuangalii tarehe ya kiapo. Shahidi uliyemjua ukamwacha nyumbani, hata akiapa leo asubuhi na muhuri haujakauka, ni wa zamani. Kisha awe wa kuaminika, na maneno yake yawe yangeelekea kubadilisha uamuzi. Mlalamishi amesamehe? Msamaha si ushahidi. Wakili wa kwanza alizembea? Hilo lilikuwa la rufaa.

Wala usichanganye na kesi kuamriwa isikilizwe upya kwenye rufaa. Huko tunatafuta kasoro za kesi yenyewe, na tangu hukumu ya kesi ya Fatehali Manji, 1966, amri hiyo haitolewi ili upande wa mashtaka uzibe mapengo yake. Tuyaache hayo.

Linaloninyima usingizi ni hilo neno "bidii". Kijana huyu hakuwa na wakili. Dhamana ilimshinda, akawa rumande. Hakimu alipomuuliza kama ana mashahidi, alisema hana. Angewaita kwa simu ya nani? Hoja hiyo nimewahi kuitoa mbele ya jaji. Alinisikiliza kwa upole, akatupilia mbali ombi. Hadi leo sina hakika kwamba alikosea. Mlango ukilegezwa, kila mfungwa atapata binamu na matanga.

Nimemwambia mama alete mwenendo wa kesi, kurasa zote, nisome kabla ya kukata tamaa. Na hata tukishinda, kijana hatoki siku hiyo; anashtakiwa upya.

Ameuliza kama pesa za kiapo zitarudishwa.