Jarida la sanaa la mtaani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kila tukitangaza kijiweni kwamba toleo jipya la jarida letu linaandaliwa, swali la kwanza halihusu michoro wala mashairi. Ni "mfadhili nani?" Hilo na mengine ya aina yake nimeyasikia mno hapa Dar, na mengine nilikuwa nayaamini mwenyewe.

"Bila mfadhili hakuna jarida"

Tupige hesabu. Rim moja ina karatasi 500 za A4. Kunja A4 moja katikati, tayari una kurasa nne za A5. Jarida la kurasa 24 linakula karatasi tano za ndani na manila moja ya jalada. Kwa hiyo rim moja inatosha nakala 100, ukisahau zile zitakazoharibika (na zitaharibika, nunua ya akiba). Kinachomaliza hela ni kopi, kwa sababu kila karatasi inachapwa pande mbili: nakala 100 ni kopi 1,000, jalada bado. Usimuulize dada wa steshenari bei ya kopi moja. Mwambie una kopi elfu moja, kisha ndiyo muanze kuongea bei. Michango ya watu kumi inaweza kufika.

"Kurasa zikizidi tunaongeza moja"

Hapa ndipo matoleo mengi yanapokwama. Jarida linalobanwa pini katikati haliongezwi ukurasa mmoja, kwa kuwa kila karatasi inaingia na kurasa nne. Ni 20, au 24, au 28. Shairi likichelewa likaja usiku wa mwisho na kudai ukurasa wa 25, linakuja na kurasa tatu tupu mgongoni. Ama utafute cha kuzijaza, ama umwambie mshairi asubiri toleo lijalo.

Tena kurasa hazipangwi moja, mbili, tatu kama unavyosoma. Katika jarida la kurasa 24, ukurasa wa 1 unalala pamoja na wa 24, wa 2 na wa 23, wa 3 na wa 22. Kila jozi ukiijumlisha inaleta 25. Kurasa zinazotazamana huku zikiwa juu ya karatasi ileile ni za katikati tu, 12 na 13. Mchoro mpana uweke hapo. Ukiuweka kwingine utakatika vipande viwili, na vipande hivyo havikutani sawasawa hata fundi awe nani.

Dawa yake ni penseli. Chukua karatasi sita, zikunje pamoja, andika namba za kurasa, halafu zifungue uone namba zimeangukia wapi. Sisi toleo la kwanza tuliruka hatua hiyo. Printa ikageuza karatasi kwa upande mrefu badala ya mfupi, na nakala arobaini zikatoka ukurasa mmoja umesimama, wa nyuma yake kichwa chini miguu juu. Tulizigawa hivyohivyo. Watu walidhani ni usanii.

"Picha ikipendeza kwenye simu, itapendeza kwenye karatasi"

Kioo cha simu kinajitolea mwanga, karatasi haina mwanga wake. Halafu kuna WhatsApp, ambayo huibana picha ili iende haraka. Kwa ukurasa mzima wa A5 uliochapwa vizuri unahitaji picha ya pikseli kama 1,748 kwa 2,480. Msanii aitume kama dokyumenti. Na mchoro upigwe picha kivulini, bila flashi, simu ikiwa sambamba nao.

Kosa letu kubwa lilikuwa la rangi. Tulipewa mchoro wa Tingatinga, ndege mwekundu juu ya majani ya kijani, rangi za mafuta zile za kung'aa. Kopi ilikuwa nyeusi na nyeupe. Nyekundu na kijani zenye ukali unaolingana hugeuka kijivu kilekile, ndege akapotea majanini, likabaki jicho. Siku hizi kabla ya kuchagua mchoro tunaugeuza kwanza kuwa mweusi na mweupe kwenye simu. Ukifa pale, tunautafutia nafasi kwenye jalada, ambalo ndilo tunalilipia rangi.

"Mchoro nimeununua, naruhusiwa kuuchapa"

Umenunua wa kutundika sebuleni. Haki ya kuunakili kwa kawaida inabaki kwa aliyeuchora, na kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haki hiyo anayo hata kama hajausajili popote. Mwombe, kwa maandishi, hata meseji.

"Ukiwa na ISSN umeruhusiwa"

ISSN ni namba ya tarakimu nane ya kulitambulisha jarida. Leseni ni jambo jingine, linatokana na Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Ulizeni Idara ya Habari, MAELEZO, kabla ya kuchapa.

"La jamii, basi lipokee kila kitu"

Hili linaniudhi kuliko yote, maana hulitumia wavivu wa kuhariri. Ukipokea kila kitu, unawadharau wasomaji na waandishi kwa pamoja. Tunachofanya ni kukaa na mtu. Kaka mmoja anayechora vibao vya saluni alituletea utenzi mrefu kuhusu kazi yake. Tulimwomba atueleze kwa mdomo anavyoichora herufi S bila kupiga mistari kwanza. Alichukua penseli akaonyesha: anaanzia katikati ya herufi, anapanda, kisha anarudi kushuka. Utenzi tukauacha, michoro ya S ikachukua kurasa za kati.

"Watu hawasomi, weka mtandaoni tu"

Mtandaoni tunaweka pia. Lakini nakala tatu tuliziacha kwa kinyozi, na wiki mbili baadaye nilipokwenda kunyoa nikakuta moja ina kurasa 20 tu. Mtu alikuwa amezifungua pini taratibu, akaichomoa karatasi ya kati na kuibandika kando ya kioo. Pini alizirudisha.