Ubia wa utafiti ni nini hasa? Mfano wa chanjo ya malaria ya R21

Ubia wa utafiti ni pale chuo kikuu, hospitali na kampuni ya dawa wanapoingia kwenye kazi moja ambayo hakuna kati yao anayeweza kuimaliza peke yake. Sio msaada, na sio mfadhili kuleta hela tu akaondoka. Kila mmoja analeta kitu ambacho mwenzie hana, na kabla hawajaanza wanaandikiana kabisa nani anamiliki nini.

Chukua chanjo ya malaria ya R21. Imebuniwa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, kwenye taasisi yao ya Jenner. Sasa Oxford wana maprofesa na maabara za nguvu lakini kiwanda cha kutoa mamilioni ya doze hawana, na watoto wanaougua malaria kila msimu wa mvua hawako kwao, wako kwetu. Kiwanda kikapatikana India, Serum Institute ya Pune, ambao kazi yao kila siku ni chanjo nyingi kwa bei ya chini. Na bado chanjo yenyewe inahitaji kichocheo cha kuamsha kinga ya mwili, hicho kinaitwa Matrix-M, ni cha kampuni ya Novavax na kinatokana na gome la mti unaoota Chile.

Halafu ndo unakuja upande ambao huwa unatajwa mstari mmoja tu mwishoni, wakati mimi naona ndo wenye kazi kubwa kuliko yote. Jaribio la hatua ya 3, yaani lile kubwa la kuipima chanjo kwa watu wengi, lilichukua watoto zaidi ya 4,800 wa miezi 5 hadi 36, Burkina Faso, Mali, Kenya na Tanzania. Kwetu ilikuwa Bagamoyo chini ya Taasisi ya Afya Ifakara, Kenya ilikuwa Kilifi. Hapo kuna mama anaelezwa kwa Kiswahili chanjo ni ya nini, anauliza maswali yake yote, asiyejua kusoma anaweka dole gumba mbele ya shahidi, na akikataa anarudi nyumbani na huduma yake hospitali haiguswi. Mtoto akipata homa anatobolewa kidole, tone la damu linapakwa kwenye kioo na kuwekwa rangi, kisha mtu wa maabara anainama kwenye hadubini kutafuta vimelea. Watoto wa kundi la kulinganisha nao walichomwa chanjo, ila ya kichaa cha mbwa, kwa hiyo hata mzazi hakujua wake kapata ipi na hakuna aliyeondoka mikono mitupu. Bila hiyo kazi, chanjo ya Oxford ingebaki kwenye friji tu.

Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza itumike kwa watoto, na bei iliyotajwa ilikuwa kati ya dola 2 na 4 kwa doze. Bei hiyo imewezekana sababu kiwanda kilikuwa ndani ya ubia mapema, hakikuja kuitwa mwishoni.

Sasa panapoleta shida mara nyingi ni kwenye mkataba. Damu ya mtoto wa Bagamoyo ikisafirishwa nje inakuwa ya nani? Data ikiandikwa kwenye jarida, jina la daktari aliyekaa na wagonjwa miaka mitatu linakuwa la ngapi kwenye orodha ya waandishi? Dawa ikifaulu, kijiji kilichojaribiwa kitaipata lini? Tanzania jaribio la dawa linahitaji kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na cha maadili kutoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na sampuli haivuki mpaka bila mkataba wa kuihamisha unaosema itapimwa nini. Wengine wanaona ni urasimu wa kuchelewesha watu, mi siamini hivyo kabisa, maana ile karatasi ndo mahali pekee ambapo hospitali ya wilaya inakaa meza moja na kampuni kubwa na kuweza kusema hapana, hii hatusaini mpaka mbadilishe hicho kipengele.