Je, Wajua Kwa Nini Gari la Kujiundia Nyumbani Huanza na Mpira wa Maji?

Mtu akikwambia anaunda gari nyumbani kwake, ulimi wako utakimbilia injini: ya ngapi, umeipata wapi, bei gani. Shemeji yangu wa Ilazo, hapa Dodoma, ameulizwa hivyo mpaka amezoea. Kila mgeni anayefunguliwa geti huonyeshwa kwanza mpira mwembamba unaoonyesha ndani, wa mita kumi hivi, ule ule ambao mafundi ujenzi hutumia kupata usawa wa msingi. Umetundikwa kwenye msumari karibu na mlango. Injini iko pembeni, imefunikwa shuka kuukuu.

Kabla ya kueleza kazi ya huo mpira, tuelewane kuhusu gari lenyewe. Ni gari linalouzwa likiwa vipande. Kiwanda kinakutumia chasisi ya mabomba ya chuma, bodi ya faiba au bati la alumini, na makasha ya vifaa. Injini, giaboksi, difu (gia za kwenye ekseli zinazozungusha magurudumu) na mara nyingi hata breki unatafuta mwenyewe kutoka gari jingine. Mfano unaojulikana zaidi ni Lotus Seven ya Colin Chapman, iliyotoka Uingereza mwaka 1957: gari dogo la watu wawili, lenye urefu wa mita tatu na kitu na uzito wa takriban nusu tani. Mtindo huo ulistawi kwa sababu ya kodi. Uingereza ya wakati ule ilitoza kodi ya mauzo gari lililokamilika, lakini si vipande vyake, kwa hiyo mwenye spana na subira alilipa kidogo. Mwaka 1973 ilipoingia kodi ya ongezeko la thamani, mwanya ule ukazibwa, na mwaka huo huo kampuni ya Caterham ikachukua haki za kuendelea kuliunda. Mpaka leo inawauzia wateja wake vipande. Wewe wa Dodoma usihesabu nafuu hiyo: kasha likitua bandari ya Dar es Salaam, forodha wanakusubiri na kalamu.

Kwetu pia kuunda gari si hadithi ya mbali. Machi 2022 mchora katuni Masoud Kipanya alionyesha gari lake la umeme, na mitandao ikajaa picha. Mimi nilitamani kuona sakafu lililoundiwa.

Maana sakafu ndiyo rula ya kazi yote. Kimo cha gari kwenye kila kona hupimwa kutoka sakafuni. Mlalo wa magurudumu hupimwa kutoka sakafuni. Chasisi nayo, ingawa huja imeshachomelewa, ni mabomba membamba. Ukiilaza juu ya stendi nne zisizo sawa inajikunja kidogo, halafu wewe unafunga vitu juu ya huo mkunjo bila kujua. Gari likishuka chini linakuwa kama meza yenye mguu mmoja mfupi. Magurudumu mawili ya mkingamo yanabeba uzito mwingi, mawili yanabeba kidogo, na siku ya kukanyaga breki usukani unavutia upande.

Hapo ndipo mpira wa maji unapoingia. Unaujaza maji, unahakikisha hakuna povu la hewa ndani, kisha mtu mmoja anashika ncha moja kwenye kona na mwenzake anapeleka ncha ya pili kona ya pili. Maji hayana upendeleo: yatatulia kimo kimoja pande zote mbili, hata kama kuna ukuta katikati. Unachora mstari wa penseli ukutani kwenye uso wa maji. Ukizunguka kona zote nne, unapima kwa futi kutoka kila mstari hadi sakafuni, na tofauti ya vipimo ndiyo tofauti ya sakafu. Kwa shemeji ilikuwa sentimita tatu na nusu kati ya mlangoni na ukuta wa nyuma. Kwa macho ungeapa ni tambarare.

Mzee aliyekuja kuirekebisha ni Mgogo, fundi ujenzi wa miaka mingi. Alisalimia, "Mbukwa," akaizunguka ile sakafu akiigonga kwa mpini wa nyundo, akasikia mahali panapolia kama debe tupu.

"Shemeji yako alimwaga zege juu ya udongo uliolala tu," aliniambia. "Mwanangu, umesahau jina la mji huu?"

Sikuwa nimesahau. Inasimuliwa kwamba Dodoma limetokana na neno la Kigogo *idodomya*, imedidimia, na aliyedidimia ni tembo aliyekwenda kunywa maji kijitoni. Kama ardhi ilimmeza tembo, gari la nusu tani lililosimama juu ya miguu minne ya chuma, kila mmoja mdogo kuliko kiganja, halitaionea haya. Ile zege ilivunjwa. Moramu ikamwagwa na kushindiliwa kwa tabaka, nailoni ikatandikwa, wavu wa chuma ukafuata, kisha zege ya sentimita kumi kwa uwiano wa 1:2:4, saruji, mchanga na kokoto.

Halafu ikaja sehemu ambayo wengi huharibu. Saruji haikauki kama nguo kambani. Inashikana kwa kuchanganyikana na maji, na kazi hiyo inataka siku nyingi. Jua na upepo wa Dodoma huyanyonya maji kabla saruji haijamaliza kuyatumia, na unabaki na uso unaochubuka unga kila ukiufagia. Tulitandika magunia na kuyamwagia asubuhi na jioni kwa wiki nzima, na hakuna kizito kilichoingia humo mpaka siku 28 zilipotimia. Majirani walidhani tumeotesha mchicha.

Unga huo nausema kwa sababu vumbi ndilo adui wa pili. Kuanzia Juni upepo wa huku hauombi ruhusa. Chembe ya mchanga ikiingia kwenye silinda ya breki inakwaruza mpira wake, na mafuta ya breki yanaanza kuvuja. Ikiingia kwenye beringi inaisaga taratibu. Kwa hiyo bati la paa lilizibwa pale linapokutana na ukuta, mlango ukashonewa pazia la turubai, na sakafu ikapakwa rangi nyeupe isiyokoza. Rangi si urembo. Nati ya milimita kumi ikikudondoka kwenye zege ya kijivu utaitafuta hadi magharibi. Kwenye sakafu nyeupe unaiona palepale.

Umeme nitaupitia haraka. Soketi ya kawaida ni ya ampia 13, yaani kama wati 3,000, na mashine kubwa ya kuchomelea inaweza kudai zaidi ya hapo. Vuta laini yake pekee kutoka kwenye swichi kuu, yenye waya mnene na breka yake. Usichimbe shimo la kuingia chini ya gari kama la gereji za mjini: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatuama shimoni, na cheche moja ya grenda inatosha. Wala usiegemeze gari juu ya tofali za bloku. Bloku haipindi ikakuonya, inapasuka ghafla. Nunua stendi za chuma.

Sasa vipande. Watu huanza kwa kununua gari la kuchinja, yaani la kutolewa injini na vifaa, wanalolipenda, halafu ndipo wanatafuta chasisi ya kulingana nalo. Ni kinyume. Aliyechora chasisi ameshapanga mahali pa kushika injini, urefu wa propela, ile shafti inayopeleka nguvu ya injini nyuma, na upana wa difu kwa gari fulani. Vifurushi vingi vya Uingereza siku hizi vimechorewa Mazda MX-5 au Ford. Soma kwanza chasisi inataka nini. IST na Passo zilizojaa barabara zetu hazisaidii, kwa sababu injini zake zimelala kwa upana na zinavuta magurudumu ya mbele. Gari la aina ya Seven linataka injini iliyokaa kwa urefu na difu nyuma. Toyota GX 100 ina difu nyuma, lakini mitungi yake sita iko kwenye mstari mmoja, na pua ya gari dogo haina nafasi ya kuimeza. Ndiyo maana wanaochora chasisi yao wenyewe hapa huwinda Toyota Altezza yenye injini ya 3S-GE ya lita mbili na gia sita za mkono. Haipatikani kirahisi, na muuzaji anajua hivyo.

Ukilipata, nunua gari zima hata kama limegongwa. Injini ya mtumba utaipata Gerezani, Kariakoo, Dar es Salaam, kabla ya saa nne asubuhi, na tangu treni ya reli ya kisasa, SGR, ianze mwaka 2024 unaweza kwenda na kurudi. Lakini kishikio cha altaneta chenye matundu matatu, bomba fupi la maji lenye kona mbili, au kompyuta ya injini pamoja na swichi na ufunguo inaoutambua, hivyo vinaweza kukuzungusha miezi. Gari zima linakuja navyo. Hakikisha pia linakuja na kadi yake na mkataba wa mauziano, na nenda mamlaka ya mapato, TRA, na kwa trafiki na mchoro wako kabla ya kutoa hela, uelekezwe namna ya kulisajili likikamilika.

Siku ya kuchinja, acha grenda nje. Mimi ndiye niliyekata waya za taa za nyuma kwa haraka, nikiamini nitazikumbuka kwa rangi. Tulipotazama, waya tatu zilikuwa na rangi moja na kamstari kembamba tu kakitofautisha. Tulipoteza Jumamosi mbili. Siku hizi kila plagi inafungwa tepu ya karatasi yenye maandishi kabla haijachomolewa, inapigwa picha, na bolti zake zinaingia kwenye ndoo moja na kitu zilichoshikilia.

Vinavyozeeka rafuni nunua mwisho: betri, mipira ya breki, mafuta ya breki ambayo kopo likishafunguliwa hunyonya unyevu wa hewa, na matairi. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne. 2319 maana yake liliundwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Muuzaji akikuambia ni jipya, inama usome.

Yule mzee alipita mwezi uliopita kuangalia kama zege yake imepasuka. Haikuwa imepasuka. Akatazama huku na huko, akauliza gari lenyewe liko wapi. Shemeji akamwonyesha ndoo kumi na nne za rangi zilizopangwa ukutani, kila moja na tepu yake.

"Haya," mzee akasema, akautoa mpira msumarini. "Nishikie ncha hiyo. Tuone kama bado iko sawa."