Oili Nzito Si Lazima Iwe Oili Bora

Tangu malalamiko kuhusu oili bandia za injini yaongezeke, wapo wanaotuletea chupa maabara wakiwa wameshatoa hukumu: "Hii feki, nyepesi kama maji." Wameipimaje? Kwa vidole viwili. Tunaheshimu uzoefu wa mafundi, ila kidole hakijui oili itakuwaje ndani ya injini iliyochemka, na kazi yake iko huko.

Mnato ni ukaidi wa kimiminika kutiririka, unaotokana na matabaka yake kusuguana yanapopitana. Si uzito. Mafuta ya kula huelea juu ya maji kwa kuwa ni mepesi, lakini yamimine uone yanavyojivuta.

Joto hupunguza mnato, tena sana. Oili ya kawaida ya 15W-40 huwa na mnato wa takriban milimita mraba 105 kwa sekunde kwenye nyuzi joto 40. Kwenye nyuzi 100 hubaki kama 14. Namba 40 ya kwenye chupa inazungumzia hali hiyo ya pili: kwenye nyuzi 100 mnato usipungue 12.5 wala kufika 16.3. Haihusu umri wa gari, kama wengi wanavyoshikilia. Sehemu yenye W ni ya baridi. 15W hupimwa kwenye nyuzi 20 na 25 chini ya sifuri.

Kwa hiyo injini iliyoundwa kwa 5W-30 ukiipa 20W-50, yenye mnato mkubwa zaidi, "kwa sababu Dar kuna joto", asubuhi oili itachelewa kupanda juu, pampu italemewa na gari litakula mafuta zaidi. Mnato ukiwa mdogo kupita kiasi, utando wa oili kati ya krenki (mhimili mkuu wa injini) na beringi zake hukatika, chuma kikasaga chuma. Kitabu cha gari kimeandika oili inayotakiwa. Kisomwe.

Ukishuku bidhaa, tunza risiti, chupa yenye lebo na namba ya toleo, na ikiwezekana chupa nyingine ya toleo hilohilo ambayo haijafunguliwa. Sampuli hufungwa kwa lakiri, husainiwa na pande zote mbili, kisha hupimwa kwenye mrija mwembamba wa kioo uliozamishwa katika joto lisilobadilika. Tafadhali msituletee oili iliyomwagwa kutoka kwenye injini. Petroli iliyovujia humo huipunguzia mnato, masizi huuongeza. Jibu lake litaeleza injini yako, si duka ulikonunua.

Kwa wauzaji: kuchanganya oili na mafuta ya taa, au kujaza oili inayouzwa kwa kupimiwa kwenye chupa zenye lebo ya wengine, ni kosa. Mzigo ukithibitika kuwa chini ya kiwango unaweza kuzuiwa na kuteketezwa kwa gharama zako, mbali na faini au kifungo. Maelezo kwamba "nilipokea hivyohivyo kwa jumla" yatahitaji ankara, kwa hiyo msizitupe.